Hakuna wa Kumtuma: Mwongozo wa Bwana Anayehamia Leeds

Mwongozo huu hakuandikiwa mkeo. Yeye ni muuguzi, visa ni yake, kazi ni yake, na kabla miguu yake haijapona uvimbe wa ndege atakuwa tayari yuko wodini. Jioni atakuwa anajiandaa kwa OSCE, ule mtihani wa vitendo wenye vituo 10 anaotakiwa muuguzi aliyesomea ng'ambo aufaulu kabla ya kusajiliwa Uingereza. Hana nafasi ya kusoma miongozo. Umeandikiwa wewe, bwana wa nyumba, mzaliwa wa Mombasa, ambaye utotoni ulikuwa unatumwa na tangu uote ndevu umekuwa ukituma tu.

Hebu wahesabu watu wako. Maji uliletewa na mtu wa mkokoteni. Nguo zilikwenda kwa dobi. Sukuma wiki ulikatiwa na mama mboga huku ukichezea simu. Mtungi wa gesi ulikuja kwa bodaboda. Bomba likivuja, palikuwa na fundi, na fundi huyo akiliharibu zaidi, palikuwa na fundi wa pili wa kumcheka wa kwanza. Nyumbani alikuwapo dada wa kazi, mtu pekee aliyejua sukari inakaa wapi.

Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ina watu zaidi ya laki nane. Hakuna hata mmoja unayeweza kumtuma. Ukilielewa hilo kabla ya kupanda ndege, hatua zifuatazo zitakuwa nyepesi. Usipolielewa, zifuate vivyo hivyo. Utaelewa ukiwa njiani.

Hatua ya kwanza: Funga mizigo kama mtu mwenye akili

Usinunue adapta za umeme. Mwingereza alituachia plagi yake ya miguu mitatu pamoja na desturi ya kuendesha gari upande wa kushoto, na vyote viwili utavikuta kwao kama ulivyoviacha kwenu. Furahia ufanano huo siku ya kwanza, maana hakuna mwingine.

Kila begi lina kilo 23, na ukoo wako una maoni kuhusu kila kilo. Shangazi ataleta bizari, achari ya maembe na mbuzi ya kukunia nazi. Bizari ichukue. Mbuzi iweke kwenye begi la kwenda chini ya ndege. Ubao wenye ulimi wa chuma na meno haupiti mikononi mwa askari wa uwanja bila mahojiano. Nyama iliyokaushwa na samli vikatae kwa heshima, ukieleza kwamba forodha ya Uingereza hairuhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Shangazi hataamini. Atavificha katikati ya mataulo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Nguo za baridi usizinunue Mombasa. Anayeuza koti la baridi Mombasa hajawahi kuona baridi, na mnunuzi wake pia.

Hatua ya pili: Kipokee cheo chako kipya

Kwenye fomu za visa mkeo ndiye mwombaji mkuu. Wewe na watoto ni wategemezi. Lisome jambo hilo mara moja, kunja karatasi, kisha waambie wenzako wa barazani: “Tumepata kazi Uingereza.” Wingi huo haudanganyi mtu, lakini unastiri.

Habari njema ni kwamba mtegemezi wa muuguzi anaruhusiwa kufanya kazi. Omba namba ya bima ya taifa mtandaoni; si lazima iwe imefika ndipo uanze kazi, mradi una ruhusa ya kufanya kazi nchini. Habari nyingine ni kwamba digrii yako ya uhasibu na miaka yako ya kuwa meneja vitapimwa na kijana wa wakala wa ajira, naye atakuuliza kama unaweza kubeba kilo 20 ghalani usiku. Mjibu kwamba unaweza. Ulibebewa vya kutosha.

Usijivunie leseni yako ya gari. Itakufaa kwa miezi 12, kisha utarudi kuwa mwanafunzi kama kijana wa miaka 17. Mtihani wa nadharia una maswali 50, na ukipata 42 umeanguka. Miaka uliyoendesha Mombasa, ukichomeka gari katikati ya tuktuk mbili ili uwahi feri ya Likoni, haihesabiwi kama uzoefu. Mkaguzi wa barabarani akiiona, ataihesabu kama ushahidi.

Hatua ya tatu: Thibitisha kwamba upo

Mombasa ulikuwa unajulikana. Ukipotea, mtu angeelekezwa: shuka hapo msikitini, uliza kwa fulani, mtoto yeyote atakupeleka. Leeds hakuna anayekupinga. Ila unaombwa karatasi inayosema kwamba wewe ni wewe na unakaa unapokaa.

Mambo huenda hivi. Unataka nyumba, wakala anataka taarifa za akaunti ya benki. Unakwenda benki, karani anataka uthibitisho wa anwani, kwa mfano barua ya kodi ya baraza la jiji. Unaliendea baraza, linataka kujua umepanga nyumba ipi. Unarudi kwa wakala. Zunguka mara nyingi uwezavyo, kwa kuwa ni zoezi zuri la mwili na utayajua mabasi. Ukichoka, fanya lile ambalo ungelifanya tangu mwanzo: mwombe mkeo barua kutoka kwa mwajiri wake, au fungua akaunti katika benki za mtandaoni zinazoridhika na pasipoti na picha ya uso wako. Wengi huchagua njia ya pili ili wasimwombe mke.

Hapo utaulizwa hati ya ukaazi. Usiitafute mfukoni. Tangu mwisho wa 2024 kadi za plastiki zimeachwa, na ruhusa yako ya kuishi nchini imo kwenye intaneti. Mwenye nyumba akitaka kuiona, kama sheria ya England inavyomtaka aione, unaingia kwenye akaunti yako, unapata msimbo, unampa. Msimbo huo huisha baada ya siku 90. Mama mkwe akikuomba kwa simu umwonyeshe hiyo karatasi ya kukaa Ulaya, mwonyeshe kioo cha simu, kisha mpe muda wa kuomba dua.

Baada ya kupata nyumba, jua haki zako, hata kama hutazitumia. Kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000, dhamana haizidi kodi ya wiki tano. Ndivyo ilivyo tangu sheria ya 2019. Piga picha kila doa ukutani siku ya kuingia. Kuhusu kodi ya baraza, ambayo ni juu ya kodi ya nyumba, usishangae: hukadiriwa kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo Aprili 1991, wakati Kenya bado ina chama kimoja. Hakuna aliyeona haja ya kuhesabu upya.

Jisajili kwa daktari wa mtaa mapema, ungali mzima. Hutakiwi kuwa na uthibitisho wa anwani wala hati ya uhamiaji ili usajiliwe, ingawa huenda ukaulizwa. Kumwona daktari huyo ni shughuli ya pili: katika zahanati nyingi unapiga simu saa mbili asubuhi kamili, pamoja na wagonjwa wengine wote wa mtaa, na mashine inakwambia wewe ni wa 27 kwenye foleni. Hapa ndipo ungemtuma kijana akupangie mstari.

Hatua ya nne: Pambana na nyumba yenyewe

Huenda ukapata nyumba mtaa wa Harehills, ya matofali mekundu, katika safu zile zinazogeuziana migongo. Leeds iliendelea kuzijenga hadi 1937, miji mingine ilipokwisha kuziacha. Ukuta wa kushoto ni wa jirani, wa kulia ni wa jirani, wa nyuma ni wa jirani. Madirisha yako upande mmoja tu. Yakumbuke maelezo haya utakapotaka kukaanga samaki.

Samaki wa kukaanga ni mradi. Sheria inamtaka mwenye nyumba aweke king'ora cha moshi katika kila ghorofa, nacho hakitofautishi nyumba inayoungua na changu aliyepakwa bizari. Kikilia, mtu mmoja asimame chini yake akikipepea kwa taulo, mwingine afungue madirisha, wa tatu atoke nje kuwatabasamia majirani wa pande tatu. Kwa sababu hiyo familia ya watu watatu ndiyo ndogo kabisa inayoweza kukaanga samaki Leeds. Usikitoe betri. Baraza likigundua, utapata barua, na barua hiyo si ya kufungulia akaunti.

Bafuni utakuta sinki lenye mabomba mawili yasiyozungumza: moja linatoa maji ya moto ya kuchunia kuku, jingine maji ya theluji. Mwingereza amekaa na hali hii vizazi na vizazi bila kulalamika, naye ndiye aliyegundua injini ya mvuke. Chooni hakuna kopo wala bomba la mkono. Nunua maziwa ya painti nne, watoto wanywe, osha ile chupa yenye mkono. Duka la jumla halijui kwamba linauza makopo ya choo, na hakuna haja ya kuliambia.

Boila ndiyo roho ya nyumba, nayo hukaa kabatini. Isome kabla baridi haijaanza. Ikizima, mwite mwenye nyumba. Gesi haiguswi ila na fundi aliyesajiliwa. Hayo mengine ni yako: kabati linalofika likiwa mbao 14 na misumari ndani ya boksi, pazia lisilokuwapo kwa sababu nyumba nyingi hukodishwa zikiwa tupu hadi kwenye madirisha, na balbu ya bafuni. Usiite fundi kwa mambo haya. Fundi wa Leeds huja kwa miadi, hutoza kwa saa, hunywa chai yenye maziwa, na hukubali kupatana bei kama ukuta unavyokubali.

Mita ya umeme ikiwa ya kulipia kabla, utadhani umefika nyumbani. Ni ndugu ya tokeni za Kenya Power. Tofauti ni kwamba Mombasa ulinunua tokeni kwa M-PESA ukiwa umelala, ilhali mita nyingine za hapa hutaka uchukue ufunguo wa plastiki, uvae koti, uende duka la pembeni na mvua yako. Nguo nazo hazina kamba wala jua. Ukizianika ndani, zitakauka Jumatano, na ukuta utaota ukungu Alhamisi. Fungua dirisha kidogo huku umewasha joto, ili joto unalolilipia litoke nje. Ndiyo elimu ya nyumba ya huku.

Hatua ya tano: Yaheshimu mapipa

Ukishindwa na yote, usishindwe na mapipa. Leeds pipa jeusi ni la taka za kawaida, la kijani ni la zinazorejelezwa, la kahawia ni la majani ya bustani. Kila moja lina siku yake, nawe hulisukuma mwenyewe hadi ukingoni alfajiri, ukiwa na kikoi chini na koti juu. Ukikosa siku, unaishi na maganda ya mihogo hadi zamu ijayo. Ukitia nepi kwenye la kijani, litaachwa hapo na kibandiko, na mtaa mzima utakisoma.

Usije ukahamia Bradford ukidhani umehitimu. Ni mji wa jirani, kilomita chini ya 20, na huko pipa la kijani ndilo la taka za kawaida.

Hatua ya sita: Nenda sokoni bila aibu

Kwa miaka mingi ulinunua Kongowea mashati yaliyovaliwa na Waingereza. Sasa umefika mahali yanapovuliwa. Maduka ya hisani yapo kila mtaa: makoti, sufuria, vitabu, hata makochi na vitanda. Ni mitumba isiyopanda meli, iliyofuliwa na kutundikwa kwa saizi. Ukijifanya mtu wa vitu vipya, mtalala sakafuni; zulia lipo, lakini linamjua kila mpangaji aliyepita.

Jumamosi nenda Kirkgate Market, katikati ya jiji, mojawapo ya masoko makubwa ya ndani barani Ulaya. Utapata samaki mwenye kichwa, bamia, pilipili na mtu wa kugombana naye kidogo kuhusu bei. Hapo ndipo mwaka 1884 Michael Marks, Myahudi aliyekimbia kutoka himaya ya Urusi bila Kiingereza cha maana, alifungua kibanda cha vitu vya peni moja. Aliandika bei juu ili wateja wasimuulize. Kibanda hicho ndicho kilichokuja kuwa Marks & Spencer. Msimulie mwanao hadithi hii anapokucheka unavyotamka majina ya vituo vya basi. Usimweleze kwamba Marks hakuwa na wa kumtuma ndiyo maana akasimama mwenyewe nyuma ya meza, ataona unajitetea.

Mihogo, ndizi za kupika na nazi nzima utavipata Harehills na Roundhay Road. Pima bei kwa pauni, usigeuze kwa shilingi. Mwenye kugeuza kwa shilingi hufa njaa akiwa na pesa mkononi.

Hatua ya saba: Mpelekee jirani sahani

Jirani wa huku hapigiwi hodi bila sababu, lakini sahani ni sababu. Mpelekee kaimati au mahamri, taja kama ndani mna nazi au maziwa, kisha ondoka kabla hajaingiwa na wasiwasi. Kwetu sahani hairudi tupu. Hapa itarudi imeoshwa, imekaushwa, na ndani mna kadi ya shukrani yenye picha ya ndege. Usimhukumu. Kadi hiyo ameinunua, ameiandika kwa mkono, ametafuta kalamu. Kwa hesabu za Yorkshire amekuchinjia mbuzi. Baadaye huyohuyo ndiye atakayekugongea mlango asubuhi ya pipa la kijani, na hapo utajua mahamri yalifika.

Hatua ya nane: Waachie watoto madaraka

Watoto watakushinda. Shule ya serikali ni bure na darasa hupangwa kwa umri, kwa hivyo usibishane na mwalimu mkuu kwamba wako alikuwa wa pili kwa jumla. Wadogo wa madarasa matatu ya mwanzo hupewa chakula cha mchana bila malipo. Baada ya miezi michache mwanao atazungumza kama mzaliwa wa hapo, na wewe ndiye utakayemtuma aongee na mtu wa umeme kwenye simu. Hapo utafurahi kwamba hatimaye umepata wa kumtuma. Subiri bili yake: atataka kuulizwa maoni.

Arusi ya mpwa wako Mombasa isipangwe katikati ya muhula. Ukimtoa mtoto shuleni bila ruhusa, England hutoza pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa zinakuwa 160. Mzazi wa watoto watatu anaweza kuchangia arusi nzuri kwa pesa hizo.

Hatua ya tisa: Simamia jua na simu

Mombasa magharibi ni karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Leeds mwezi Desemba jua huzama saa kumi kasorobo, na mwezi Juni huzama saa tatu na dakika arobaini usiku. Mama atakuuliza kwa simu kwa nini umeswali magharibi mchana. Mweleze taratibu. Mwezi Juni akikuuliza kwa nini bado hujaiswali, mweleze tena.

Simu zenyewe zitaanza alfajiri, kwa sababu Kenya iko mbele kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Kundi la ukoo lina hisabati yake: linauchukua mshahara wa muuguzi, linauzidisha kwa bei ya pauni, na hapo linakomea. Kutoa kodi ya nyumba, kodi ya baraza, gesi na basi ni somo linalofundishwa huku tu. Usitume picha ya gari la jirani lenye theluji. Utasema umelipiga kwa sababu ya theluji. Ami ataliona gari.

Hatua ya mwisho: Jiandae kwa wageni wako

Itafika siku, boila umeizoea, pipa la leo unalijua bila kuuliza, na OSCE mkeo ameifaulu. Simu italia. Ni bwana wa Kisauni ambaye humjui. Mkewe amepata kazi hospitali ileile, wanafika Alhamisi na watoto wawili na mabegi manane, na wameambiwa upo. Wanahitaji kupokewa kituo cha mabasi. Wanahitaji anwani ya kuandika kwenye fomu, blanketi, na mtu wa kuwaeleza kwa nini benki inataka barua. Atakuita kaka, kisha atakuuliza kama huko kuna kijana wa kubeba mizigo.

Mwambie yupo. Vaa koti, chukua ufunguo wa mita upitie dukani njiani, uende ukawapokee.